Mfuko wa Cleophus Strayhorn

Daktari Rosalind Teague alifika Pickard, mji wetu mdogo wa kusini mwa Marekani, mwezi wa Agosti, mwaka 1979, siku ya Jumatano saa nane mchana, na kabla hajazima gari watu wasiopungua kumi walishajua kwamba namba za gari lile ni za Illinois, jimbo la Chicago. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisimama dirishani pale zahanati, jengo lililokuwa zamani duka la chakula cha mifugo na ambalo mvua ikinyesha lilikuwa bado likinuka pumba. Nilikuwa nimeajiriwa wiki mbili tu kabla, karani wa mapokezi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumpokea yeye.

Alishuka amevaa suruali. Mwanamke mweusi kama sisi, mrefu, miaka thelathini na nne, nywele amezikata fupi kama za mwanamume.

"Wewe ndiye Verlene?"

"Ndiyo, Daktari. Verlene Hubbard."

"Niite Rosalind."

Nikamwambia sawa, na sikumwita hivyo hata siku moja.

Wiki ya kwanza hakuja mgonjwa. Walikuja watu kumtazama. Mzee mmoja alikuja kuuliza kama bado tunauza mahindi ya kuku, na alijua vizuri kwamba hatuuzi. Mama Ozella Crump, mkubwa wa kina mama wa kanisa letu, alikuja akasema goti linamuuma, akakaa juu ya kitanda cha kupimia akamhoji daktari nusu saa nzima.

"Una mume, binti?"

"Sina, mama."

"Umeachika?"

"Sikuolewa."

"Na wazazi wako watu wa wapi?"

"Chicago."

"Hakuna mtu mweusi ambaye wazazi wake ni watu wa Chicago. Kabla ya hapo?"

Daktari akasema hajui, baba yake hakupenda kuzungumzia habari za kusini. Hilo jibu lilimwangusha machoni petu kuliko yote. Jumapili ile pale kanisani nilisikia maneno ya kila aina. Kwamba aliua mtu Chicago, ndiyo maana kaletwa huku. Kwamba ni mpelelezi wa ofisi ya misaada, anatafuta wanawake waliosema hawana waume ili wapate misaada, na kumbe wanao. Ukweli, alivyonieleza mwenyewe, ni kwamba serikali ilimsomesha kwa sharti kwamba akimaliza atatumikia miaka miwili mahali pasipo na daktari. Niliwaambia watu hivyo. Wakaniuliza, "Na wewe ulimwamini?"

Kisha kukawa na habari ya damu. Daktari huyu, hata ukija na kikohozi, alikutoa damu. Kila Alhamisi mzungu mmoja alikuja kutoka mji mkuu wa jimbo na kisanduku cha barafu, akapakia vile vichupa na kuondoka navyo. Sasa, ilikuwa ni miaka saba tu tangu gazeti liandike habari ya wale wanaume wa Alabama, ambao madaktari wa serikali walikaa miaka arobaini wakiwatazama wanavyoliwa na kaswende bila kuwatibu. Tulizisoma wote habari zile. Mjomba wangu alikata ule ukurasa akauweka ndani ya Biblia yake. Kwa hiyo mtu akiona damu yake inaingia ndani ya gari la mzungu, hahitaji kuambiwa chochote.

Na tena maswali yake. "Unakula nini nyumbani? Asubuhi umekula nini? Jana je?" Watu walijibu: mkate wa mahindi, kunde, sukumawiki, kambale. Aliandika yote. Mwezi wa tatu tangu afike akaniita ofisini kwake akafunga mlango.

"Bi Verlene, nataka unisaidie. Nimewapima wanawake arobaini na moja. Thelathini hawana damu ya kutosha. Wanaume wao wako sawa. Wanakula meza moja, wanakunywa kisima kimoja. Mnafanya nini nyinyi ambacho wanaume hawafanyi?"

"Tunazaa, Daktari," nikasema.

Hakucheka. "Na wale ambao hawazai? Mama Ozella ana miaka sabini na mbili."

Nikamwambia sijui. Nilimtazama usoni nikasema sijui, na ndani ya mkoba wangu, pale chini ya meza ya mapokezi, palikuwa na kipande cha udongo kama kidole gumba, nimekifunga kwenye leso.

Hebu niseme wazi. Sisi wanawake wa Pickard tulikuwa tunakula udongo. Si udongo wa popote. Palikuwa na ukingo barabara ya kwenda jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, mahali kilima kilipokatwa, na hapo udongo ni mlaini, wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo, una uchachu unaofanana na wa ndimu. Unachimba ndani, si juu. Unaukausha ndani ya oveni pamoja na siki na chumvi. Mama yangu aliula, na mama yake. Dada zetu waliohamia Detroit na Chicago tuliwatumia kwa posta ndani ya maboksi ya viatu. Wengine huuanza wakiwa na mimba na wakishajifungua wanaacha. Wengine hawaachi.

Lakini hatukuwa tukimwambia mtu. Wazungu wa mjini, wakitaka kumtukana maskini wa aina yoyote, humwita mla udongo. Daktari wa zamani, Ballew, alimwambia binamu yangu mbele ya watu waliojaa ukumbini kwamba hata nguruwe wake wana akili kuliko yeye. Tangu siku ile neno hilo halikutajwa tena kwa daktari yeyote. Mama Ozella aliniita baada ya ibada, wiki ileile niliyoulizwa.

"Nasikia anauliza uliza."

"Anauliza, mama."

"Na wewe umejibu nini?"

"Nimesema sijui."

"Basi endelea hivyo hivyo kutojua."

Daktari akaanza kushuku maji. Akachukua maji ya visima sita akayapeleka kwa yule mzungu wa kisanduku. Yakarudi, hayana kitu. Akashuku minyoo. Akashuku masufuria. Nilimwona akizidi kukonda kwa mawazo, na akawa na tabia ya kumtazama mtu macho mara anapodhani mtu huyo haoni, anamtazama ngozi ya chini ya jicho kama ina damu. Mimi alinitazama hivyo mara nyingi.

Mwezi wa Februari akaletwa Earline Strayhorn.

Earline alikuwa na miaka thelathini na moja, mke wa Cleophus, mtu mkimya, mrefu, aliyefanya kazi ya kunyunyizia pamba dawa katika shamba la mzungu mmoja upande wa mtoni. Walikuwa hawajapata mtoto. Cleophus alimbeba mkewe mikononi kutoka kwenye pikapu mpaka ndani, maana miguu yake ilikuwa imelegea, haimbebi. Tumbo limejaa na gumu. Daktari alipomuuliza swali lolote, Cleophus ndiye aliyejibu.

"Umekula nini, Bi Strayhorn?"

"Alikula kunde," akasema Cleophus.

"Namuuliza yeye."

Earline akamtazama mumewe, kisha akasema, "Kunde."

Daktari akampeleka hospitali ya wilaya, maili ishirini na mbili. Huko wakakuta damu yake ni ya kusikitisha na yale madini yanayotia misuli nguvu yamekwisha mwilini. Wakamtia mengine kwa mshipa, kutoka kwenye chupa. Baada ya siku tisa Earline alitembea mwenyewe. Akarudi nyumbani. Wiki tatu hazikupita, Cleophus akamleta tena amembeba vilevile.

Hapo ndipo daktari alipoanza kuwaza alichowaza. Na nikae kwenye nafasi yake niseme haki: mtu yeyote angewaza. Mke akitoka kwake anapona, akirudi kwake anaugua. Mume hamruhusu aseme. Mume kazi yake ni kuchanganya sumu ya pamba, na makopo anayo bandani kwake. Daktari akamrudisha Earline hospitali, akakata nywele zake kidogo na kuzipeleka zikapimwe sumu. Majibu, wakamwambia, wiki mbili.

Siku ya nne alikwenda kumwona mgonjwa wake. Alipofungua mlango alimkuta Cleophus ameinama juu ya kitanda, na Earline anatafuna kitu. Cleophus akaufumba mfuko wa karatasi haraka akauingiza ndani ya koti.

"Umempa nini?"

"Hakuna kitu, Daktari."

"Nimeona mfuko."

"Ni chakula changu cha mchana."

"Nionyeshe."

Cleophus akasema, kwa adabu, kwamba chakula cha mtu ni chake, akavaa kofia akaondoka. Usiku uleule Earline akaanza tena maumivu ya tumbo.

Asubuhi daktari alinikuta mezani kwangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Bi Verlene, Cleophus Strayhorn ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu mzuri."

"Anampiga mkewe?"

"Hapana."

"Ungejuaje?"

"Hapa tungejua."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijasikia."

"Kuna kitu hunambii." Aliegemea meza yangu mikono miwili. "Chicago niliwahi kumshonea mwanamke nyusi, mumewe amesimama pembeni, ananijibia kila swali. Nilijua. Nikamwacha aondoke naye kwa sababu sikuwa na ushahidi. Walimrudisha baada ya siku mbili ameshakufa. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Kuna nini nyumba ile?"

Nilijua kilichokuwamo kwenye mfuko ule. Nilijua hata nani aliyeukausha ule udongo, maana ni shangazi yake Cleophus, jirani yangu. Nikafikiri nitasemaje. Nikamfikiria Mama Ozella. Nikafikiri pia, na hili ndilo linaloniuma, jinsi mwanamke huyu msomi atakavyonitazama akijua kwamba mimi niliyevaa blauzi nyeupe na kumpangia mafaili yake ni mla udongo.

"Sijui, Daktari," nikasema. "Mambo ya mke na mume."

Nadhani ni maneno hayo yaliyomaliza kazi. Alisikia mambo ya mke na mume akaelewa alivyoelewa. Akaingia ofisini, akafunga mlango, na kupitia ule ukuta wa mbao nikamsikia akiomba aunganishwe na sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu.

Walimchukua Cleophus shambani, juu ya trekta, saa sita mchana mbele ya wenzake. Sherifu Dunaway alikwenda mwenyewe na naibu wake mmoja. Wakapekua banda, wakatoa makopo mawili ya dawa ya pamba, dawa ambayo kila mtu wa kazi ile alikuwa nayo. Wakamuuliza mfukoni mlikuwa na nini. Akasema chakula. Chakula gani? Akasema chakula. Mtu yule asingetamka neno lile mbele ya Dunaway hata angekatwa kidole, ampe mkewe jina ambalo wazungu wangelicheka mpaka kaburini.

Siku ya pili yake nilifungua zahanati na hakuja mtu. Hata mmoja. Simu haikulia. Daktari alikwenda dukani kwa Bi Fannie Tate kununua mayai, na Bi Fannie akamwambia yamekwisha, trei tatu zimekaa nyuma yake. Alipopita barabarani watu waliokuwa barazani waliingia ndani, pole pole, kila mtu kama aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Naye, kwa upande wake, akaona hayo ni ushahidi. Aliniambia jioni, akiwa anavaa koti, "Mji mzima unamficha."

Nikamjibu, "Kesho nifungue saa ngapi?"

"Saa ileile."

Pale kwa shangazi yake Cleophus walikusanyika watu. Nilikwenda nami na sahani yangu ya chakula, na nilipoingia maneno yakapungua.

"Huyu si wa kule zahanati?" mmoja akauliza, kana kwamba hatukusoma darasa moja.

"Wa kule ndiyo," akasema mwingine. "Mlinde ndimi zenu."

Mama Ozella akanipa kiti, akaninong'oneza. "Hawana kitu. Watamwachia tu."

"Na wasipomwachia?"

"Watamwachia."

Siku ya tatu kaka yake Cleophus, Rayford, aliruhusiwa kumwona kwa dakika tano. Alirudi akakaa kwenye ngazi za baraza bila kuvua kofia. Akasema jicho la kushoto la Cleophus limefumba, na Cleophus anasema aliteleza.

Hakuna aliyeuliza aliteleza wapi.

Nilirudi nyumbani nikachukua boksi la viatu nililokuwa nimeliandaa kwa ajili ya dada yangu wa Detroit. Nikatembea nalo mchana kweupe, katikati ya barabara, nikipita mbele ya baraza zote zile, mpaka nyumba aliyopanga daktari. Walioniona waliniona. Alifungua mlango kidogo na mnyororo ukiwa umefungwa.

"Uko peke yako?" akauliza.

"Niko peke yangu."

Akanifungulia. Nikaweka boksi juu ya meza ya jikoni nikafungua kifuniko.

"Hiki ndicho kilichokuwa mfukoni mwa Cleophus."

Alitazama. "Hii ni nini? Chokaa?"

"Udongo. Tunaula."

"Mnaula."

"Tunaula, Daktari. Mimi, Earline, Mama Ozella, na wale thelathini wako wote. Hao kumi na moja ambao damu yao ni nzuri ndio hawali, au wanakula kidogo."

Alivuta kiti akakaa. Nikaona midomo yake inahesabu kitu, nikajua anarudia mafaili yake moja baada ya jingine.

"Unafunga tumbo," akasema, kama anayejisemea. "Unanyonya madini kabla mwili haujayapata. Hospitali hakuwa nao, akapona. Mumewe akamletea." Kisha akainua uso. "Nilikuuliza ofisini kwangu mwezi wa kumi na moja. Nilikuuliza tena mezani kwako juzi."

"Uliniuliza."

"Umekaa hatua tano kutoka kwangu miezi saba."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya uso unaonionyesha sasa hivi."

Aliugeuza uso. Akachukua kipande, akakinusa, akakimega kwa meno ya mbele. Nikamwona anatafuna. Nilisubiri ateme, hakutema.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa na kopo juu ya kabati tusiloruhusiwa kuligusa. Lilinuka hivi." Alisimama akachukua ufunguo wa gari. "Twende."

Ofisini kwa Dunaway tulikaa kwenye benchi saa nzima, na huku yupo ndani tunamsikia anazungumza habari za mbwa wake wa kuwinda. Alipotoka, daktari akamweleza. Alimweleza kwa maneno ya kitabibu matupu, hakulitaja neno udongo hata mara moja, na nikaelewa anafanya hivyo kwa ajili yangu na kwa ajili ya Earline. Alisema mgonjwa alikuwa anatumia kitu cha kienyeji cha tumbo, mume hakujua kina madhara.

"Kwa hiyo hujui tena kama ni sumu," akasema Dunaway.

"Najua kwamba si sumu. Nilikosea."

"Juzi ulikuwa na hakika, Daktari."

"Nilikosea. Nakuomba umwachie."

"Tusubiri yale majibu ya nywele," akasema sherifu. "Wewe ndiye uliyetaka tuwe makini."

Akamweka siku sita zaidi. Daktari alikwenda pale kila asubuhi kabla ya kufungua zahanati, akakaa kwenye lile benchi, akauliza, akaambiwa bado. Siku ya tatu mimi na Rayford tukaanza kwenda naye, na siku ya tano Mama Ozella akaja na kiti chake mwenyewe kwa sababu ya goti. Hakuzungumza na daktari. Alikaa tu upande wa pili wa ukumbi, mkoba mapajani, akimtazama kila naibu aliyepita. Majibu ya nywele yalipofika hayakuwa na sumu yoyote. Wakamtoa Cleophus kwa mlango wa nyuma.

Shambani walishamweka mtu mwingine. Yule mzungu alisema hana ubaya naye, ila mtu aliyetajwa pamoja na sumu hawezi kumwachia mapipa ya sumu. Cleophus akaenda kukata magogo na Rayford, kazi nzito zaidi na ya mbali zaidi.

Daktari alikwenda kwao Jumamosi moja. Nilikwenda naye kwa kuwa aliniomba. Cleophus alikuwa barazani ananoa shoka, na hakusimama.

"Bwana Strayhorn," akasema daktari, "nimekuja kukuomba radhi. Nilikudhania jambo baya mno na nikalisema kwa watu ambao nilipaswa kujua watakufanya nini."

Cleophus akaendelea kunoa. "Ulipaswa kujua?"

"Nilipaswa."

"Kwenu Chicago, ukimpa polisi jina la mtu mweusi, wanampa chai?"

"Hapana."

"Basi ulijua."

Earline alitoka ndani, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, akasema, "Cleophus, mimi nilikuwa nakufa kweli. Yeye ndiye aliyeona ninakufa. Sisi wengine tulikuwa tunaona aibu tu."

"Nimesikia," akasema Cleophus. "Mkaribishe ndani umpe chai baridi. Mimi nitakaa hapa."

Tukaingia. Tulikunywa ile chai na sukari yake nyingi, na kutoka barazani tukasikia jiwe likipita juu ya chuma muda wote tuliokaa.

Baada ya hapo wanawake walirudi zahanati, lakini si kwa kunipenda mimi. Mwaka mzima kwenye karamu za kanisa sahani yangu ilibaki imejaa, hakuna aliyechota. Shangazi yake Cleophus aliniambia waziwazi, "Ulichelewa kusema, na ulipokuja kusema ukasema mambo yetu yote." Nilimwambia ni kweli yote mawili. Daktari hakumkataza mtu udongo kwa makelele. Aliwapa vidonge vya madini ya chuma, akawaambia wapunguze, na kwenye faili aliandika herufi moja ndogo kwenye kona, ambayo mimi na yeye tu tulijua maana yake. Mimi mwenyewe niliacha mwaka ule. Siwezi kusema siutamani. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya ule ukingo, mate hunijaa mpaka leo.

Miaka yake miwili iliisha na akabaki. Hakuniambia kwa nini. Earline alizaa mtoto wa kike mwaka 1982, na daktari ndiye aliyemzalisha, Cleophus akiwa nje ndani ya pikapu yake na madirisha yamefungwa.

Na ndani ya pikapu hiyohiyo alikuja siku moja ya vuli, mwaka 1986. Alikuwa amechomwa na msumari wenye kutu kwenye kiganja, mkono umefungwa shati. Nikatoka nikamwambia aingie. Akasema pale alipo panatosha. Nikamwambia daktari. Alichukua trei yake, sindano na kichupa, akatoka nje kwenye jua na koti lake jeupe, akasimama kwenye dirisha la gari.

"Ni ya pepopunda," akasema.

"Nitajuaje?"

Hakuudhika. Akampa kile kichupa mkononi. Cleophus akachukua miwani kutoka kwenye mfuko wa shati, akaivaa, akasoma. Alisoma mbele, akageuza akasoma nyuma, yale maandishi madogo yote, midomo yake ikienda pole pole, na daktari amesimama na sindano yake kwenye jua lile. Palipokuwa na neno gumu aliweka kidole hapo akamwonyesha, naye akamwambia maana yake.

Kisha akamrudishia kichupa, akavua miwani, akakunja mkono wa shati mpaka begani.

"Haya," akasema. "Choma."